Mgonjwa Ndiye Shahidi wa Maradhi Yake

Nimekusudia leo kuzungumza nanyi juu ya maradhi ya mwendo usio wa hiari, ambayo humfanya mtu mwenye akili zake timamu ashindwe kuuamuru mkono wake, mguu wake, shingo yake au ulimi wake. Na juu ya tiba ambayo mtu akitaka kuieleza kwa wepesi huiita betri ya ubongo, nayo ni kuingiza nyaya nyembamba ndani ya ubongo na kupitisha humo umeme mdogo, mchana na usiku, ili mwendo ule utulie. Yapo mengi ya ajabu katika tiba hii, lakini muradi wangu si kuwastaajabisha. Muradi wangu ni kubainisha kwamba tiba hii, pamoja na vyombo vyake vyote vya thamani, nusu yake imesimama juu ya jambo lisilouzwa dukani, nalo ni ushahidi wa mgonjwa mwenyewe, kwa ulimi wake, juu ya hali anayoiona katika mwili wake. Na kwamba sisi jamaa zake, kwa haya na kwa mapenzi, ndio aghalabu tunaomziba mdomo shahidi huyo.

Mazungumzo haya yana pahala pake hapa Maskati. Sultan Qaboos alipoishika nchi mwaka 1970 na kuwaita wana wa Oman waliotawanyika duniani warejee kwao, walirejea watu wengi kutoka Zanzibar na bara ya Afrika, na wengine kutoka nchi walikokimbilia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, wakiwa vijana wenye elimu na kazi mikononi. Wakawa walimu, makarani, askari, wauguzi na matabibu katika nchi ambayo, kabla ya hapo, hospitali yake iliyojulikana zaidi ilikuwa ile ya wamisionari wa Kimarekani kule Matrah. Vijana wale sasa ni mababu na mabibi. Wamefikia umri ambao maradhi ya Parkinson, ambayo aghalabu hujidhihirisha mtu akaribiapo au apitapo miaka sitini, huanza kuonekana. Na wengi wao, ijapokuwa Kiarabu cha sokoni na cha ofisini wanakisema bila ya taabu, maumivu yao huyasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyolilia tangu utotoni. Jambo hili naomba mliweke akilini, maana nitalihitaji mbele.

Kila aliyekaa katika majlisi za nchi hii anaijua adabu ya kahawa: mgeni hupokea kikombe kwa mkono wa kulia, hunywa, na akitosheka hukitikisa kidogo, na mmiminaji hufahamu kuwa basi. Sasa mtafakarini mzee ambaye mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Kikombe chake hutikisika kabla hajatosheka, na kijana mwenye dele hupita kwa adabu akaenda kwa mwingine. Mzee yule hasemi neno. Mara ya pili huja akauficha mkono ndani ya mfuko wa kanzu, mara ya tatu husema kwamba ameacha kunywa kahawa, na baadaye haonekani tena, si majlisini, si arusini, si mazikoni. Na watu wa nyumbani, kwa kumsitiri, humwambia kila anayeuliza kuwa mzee amechoka. Sitara ni jambo jema katika dini na katika ada zetu, lakini sitara inayomnyima mtu tiba imekwisha kugeuka dhulma, hata kama aliyeifanya alikusudia mapenzi.

Wapo pia wanaosema kuwa mtetemo ni kazi ya majini au ni jicho la hasidi, wakamzungusha mgonjwa kwa waganga mwaka baada ya mwaka. Dua na kisomo ni haki ya kila mgonjwa, na tabibu mwenye busara hamkatazi mtu kumwomba Mola wake. Lakini elimu ya tiba katika Uislamu wenyewe ilikwisha kuyatambua maradhi haya zamani sana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuweka mtetemo katika Kanuni yake ya tiba miongoni mwa maradhi ya mishipa ya fahamu, pamoja na kupooza na kukakamaa. Na Oman nayo ilikuwa na tabibu wake mashuhuri, Rashid bin Umaira wa Rustaq, aliyeacha vitabu vya tiba vinavyosomwa mpaka leo. Basi asidhani mtu kuwa kumpeleka mzee kwa tabibu wa mishipa ni kuiacha njia ya wazee; ni kuifuata.

Swali la kwanza atakaloliuliza tabibu huyo litamshangaza jamaa aliyemsindikiza mgonjwa, maana si swali la kupima damu wala la kupiga picha. Atauliza: mkono hutetemeka wakati gani? Ukiwa umetulia mapajani, au unapoinuliwa kushika kitu? Mtetemo unaotokea mkono ukiwa umepumzika huelekeza kwenye maradhi ya Parkinson, nao mara nyingi hufuatana na ukakamavu wa viungo, uzito wa mwendo na sauti kuwa ndogo. Na mtetemo unaozidi pale mtu anapotia sahihi au kupeleka kijiko mdomoni huelekeza kwenye mtetemo mwingine, ambao mara nyingi hurithiwa katika ukoo na ambao dawa zake ni nyingine kabisa. Zaidi ya hayo kuna maradhi ya kukakamaa na kujipinda kwa misuli, ambayo huweza kumshika hata mtoto mdogo. Makosa katika kupambanua haya huweza kumpotezea mgonjwa miaka, na anayepambanua kwanza si mashine, ni maelezo ya mwenye mwili.

James Parkinson, tabibu wa London ambaye maradhi haya yameitwa kwa jina lake, aliandika kijitabu chake mwaka 1817 juu ya watu sita, na baadhi yao aliwaona wakipita njiani tu. Aliona kwa jicho kali mno, lakini sababu hakuijua. Sababu ilijulikana katika karne ya 20: ndani ya shina la ubongo kuna fungu dogo la chembe zenye rangi nyeusi, ambazo kazi yake ni kutengeneza dopamini, nayo ndiyo inayoviwezesha viini vya ndani ya ubongo kupima mwendo, kuanzisha na kuzuia. Chembe hizo zikifa, na dalili zinapoonekana huwa sehemu kubwa yake imekwisha kufa, viini vile hutoa amri zisizo na wizani, na mwili hutetemeka, hukakamaa au hukataa kuondoka pale uliposimama.

Dawa yake ina historia inayotugusa. Mwaka 1913 mwanakemia Marcus Guggenheim aliitoa levodopa katika maharage ya ful, yale yale yanayoliwa asubuhi katika mikahawa ya Ruwi, nayo imo pia katika mbegu za upupu unaowasha ngozi kule pwani. Lakini ilipita zaidi ya miaka arobaini kabla Arvid Carlsson wa Sweden hajaonyesha, mwaka 1957, kazi ya dopamini katika ubongo, na miaka kumi tena kabla George Cotzias, katika jimbo la New York, hajaonyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa wakipewa dawa hii kwa kiasi kikubwa na kwa taratibu huinuka wakatembea. Wala mtu asilichukue neno hili akaenda kuchuma upupu, kwani kipimo ndicho kinachotenga dawa na sumu. Levodopa bado ndiyo tegemeo la wagonjwa ulimwenguni kote. Ila baada ya miaka kadhaa nguvu yake huwa haidumu. Mgonjwa hunywa kidonge akapata saa mbili au tatu za wepesi, kisha hufungika tena, na katikati ya wepesi ule huja mwendo mwingine usio wa hiari, wa kujinyonganyonga, unaoletwa na dawa yenyewe. Katika mwezi wa Ramadhani mashaka haya huzidi, kwani yuko mzee ambaye hawezi kukosa vidonge vyake vya mchana bila ya kulala kitandani kama aliyefungwa, naye huona haya kuitumia ruhusa ambayo sheria imempa mgonjwa. Huyo naye anahitaji kuulizwa, na kusikilizwa.

Hapo ndipo unapofika mlango wa umeme. Kabla ya zama hizi matabibu wa upasuaji walikuwa wakichoma sehemu ndogo ya ubongo ili kuondoa mtetemo, na kilichochomwa hakirudi. Mwaka 1987, katika mji wa Grenoble, Ufaransa, Profesa Alim-Louis Benabid alikuwa akijiandaa kufanya upasuaji wa namna hiyo, na kwa desturi alipitisha kwanza umeme katika uzi ili ahakikishe kuwa amefika pahala panapotakiwa. Alipouzidisha mwendo wa umeme ukakaribia mapigo 100 kwa sekunde, mtetemo wa mgonjwa ulikoma, na alipouzima ukarudi. Kutoka hapo Benabid na mwenziwe Pierre Pollak walifahamu kwamba huenda isiwe lazima kuchoma, na kwamba uzi waweza kuachwa ndani pamoja na chombo cha kuupatia umeme. Wakati huohuo, huko Marekani, Mahlon DeLong alikuwa amechunguza viini vya ndani ya ubongo, na mwaka 1990 akaonyesha kwa nyani kwamba kiini kimoja kidogo kilichoko chini ya thalamasi kikinyamazishwa dalili za Parkinson hupungua. Na kiini hicho ndicho kilichokuwa shabaha mashuhuri ya tiba hii. Serikali ya Marekani iliiruhusu kwa mtetemo mwaka 1997 na kwa maradhi ya Parkinson mwaka 2002, na mwaka 2014 mabwana hawa wawili, Benabid na DeLong, walipewa kwa pamoja Tuzo ya Lasker.

Nataka tuzingatie kwamba jambo hili lilijulikana kwa kuwa mgonjwa alikuwa macho. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu; ngozi na fupa la kichwa hutiwa ganzi, kichwa hufungwa katika fremu ili kisitikisike, tundu dogo hutobolewa, na uzi wenye unene wa milimita 1.27 hushushwa kwa hisabati kuelekea kiini ambacho upana wake ni wa milimita chache tu. Siku hizi wapo matabibu wanaofanya kazi hii mgonjwa akiwa amelala, wakitegemea picha, lakini njia ya kumwacha macho bado inafuatwa katika hospitali nyingi, na sababu yake ni dhahiri. Tabibu hupitisha umeme na kumwambia mgonjwa: fumba kiganja, fumbua, hesabu moja mpaka kumi, taja miezi. Uzi ukikaa kando kidogo, ulimi huwa mzito, au shavu huvutika, au ganzi hushuka mkononi, au jicho huona viwili. Mgonjwa huulizwa: unaonaje? Na jibu lake ndilo linaloamua kama uzi ubaki hapo au usogezwe milimita moja.

Sasa rejeeni katika lile nililowaomba mliweke akilini. Fikirini bibi wa miaka sabini, aliyezaliwa Wete au Malindi ya Unguja, amelala chini ya taa kali, kichwa chake kimefungwa, na anaulizwa kwa Kiingereza au kwa Kiarabu cha haraka kama ulimi wake umebadilika. Huyo atajibu nini? Atasema ndiyo kwa kila kitu, kwa heshima na kwa khofu. Lakini akiwepo muuguzi mmoja anayemwambia kwa Kiswahili, Bibi, hesabu taratibu, na ukiona chochote kimekugeuka niambie bila ya kuona haya, basi shahidi amepata njia ya kusema. Katika hospitali za Maskati wauguzi na matabibu wenye kujua Kiswahili wamekuwapo tangu hospitali hizo zilipofunguliwa. Kuomba mmoja wao awe karibu si kudai upendeleo wala si kuonyesha ugeni. Ni sehemu ya tiba, kama dawa ya ganzi ilivyo sehemu ya tiba.

Na kazi haiishi mezani. Nyaya hupitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye chombo kidogo kinachofukiwa chini ya mtulinga, nacho hupiga mapigo yake, aghalabu 130 kwa sekunde. Baada ya majuma machache mgonjwa huitwa ili kipimo chake kitafutwe, na hapo huanza majlisi ndefu za miezi, za kuongeza na kupunguza, huku vidonge navyo vikipunguzwa kwa uangalifu. Mpiga kanuni hukaza nyuzi zake akisikiliza kwa sikio lake mwenyewe. Tabibu huyu hukaza uzi ambao mlio wake hausikiki ila ndani ya mwili wa mwingine. Mgonjwa akinyamaza, tabibu hukaza gizani. Na kwa kuwa umeme huo huweza kugusa hata tabia ya mtu, akawa mwepesi wa kukasirika, au wa kutumia fedha ovyo, au mwenye huzuni isiyo na sababu, mke au mume wake naye ni shahidi wa pili ambaye ushahidi wake hautupwi.

Insafu inatutaka tuseme pia mipaka ya tiba hii. Haiponyi Parkinson wala haizuii maradhi kuendelea. Husaidia zaidi mtetemo, ukakamavu na yale yanayotulizwa na levodopa, na ndiyo maana tabibu humjaribu mgonjwa kwanza kwa dawa. Lakini kuanguka, kusahau na unyonge wa sauti haivitibu sana, na sauti pengine huizidisha unyonge. Aliyekwisha kuingiwa na upungufu mkubwa wa akili hafai kufanyiwa. Ubongo huweza kuvuja damu, na hili huwapata wachache, mmoja au wawili katika mia. Uambukizo huwapata zaidi ya hao. Betri ya kawaida huisha baada ya miaka mitatu mpaka mitano ikabadilishwa, na ile ya kuchajiwa huweza kudumu miaka 15. Pamoja na hayo, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa Ujerumani na Ufaransa kwa wagonjwa 251 waliokuwa na maradhi kwa wastani wa miaka saba na nusu, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili hali ya maisha ya waliowekewa umeme ilitengenea kwa asilimia 26, ilhali ya waliobaki na dawa peke yake haikutengenea. Uchunguzi huu unatufundisha kwamba kungoja mpaka mzee awe hawezi tena kuinuka si subira, ni kuchelewa.

Watoto nao wasisahauliwe. Mwaka 2000 Philippe Coubes na wenzake wa Montpellier, Ufaransa, walieleza jinsi umeme katika kiini kingine cha ubongo ulivyowanyoosha watoto na vijana waliojipinda kwa aina moja ya maradhi ya kurithi, hata baadhi yao wakainuka kutoka vitini. Si kila maradhi ya kujipinda hukubali tiba hii kwa kiasi hicho, na katika nchi zetu, ambamo ndoa za watoto wa ami ni nyingi na maradhi ya kurithi kadhalika, ni wajibu kuijua asili ya maradhi kabla ya kumpasua mtoto. Hapa napo familia hutakiwa iseme kweli: nani katika ukoo alitetemeka, nani alikufa mdogo, nani alifichwa chumbani. Habari hizo tumezizika kwa haya vizazi vingi, nazo ndizo matabibu wanazozihitaji.

Tusisahau pia ndugu zetu wa ng'ambo. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000, wakawakuta 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajapata kuambiwa na mtu yeyote jina la maradhi yao. Nairobi upasuaji huu umekwisha kufanywa, lakini gharama ya chombo, ambayo hufika maelfu mengi ya dola, inauweka mbali na wengi. Na kwa mgonjwa wa Hai kidonge cha levodopa kinachopatikana kila mwezi ni jambo la haraka kuliko umeme. Mwenye jamaa yake huko ampelekee salamu, na amuulize pia kama mkono wake unatulia.

Kwetu hapa mlango uko wazi. Hospitali ya Khoula ndiyo makao ya upasuaji wa ubongo katika nchi hii, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos iko Al Khoud. Safari huanzia kwa tabibu wa kituo chenu cha afya, anayeandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Kabla ya siku hiyo, kaeni na mzee wenu kwa juma zima, mwandike pamoja saa anazokunywa dawa, saa anazofunguka na saa anazofungika, na mtetemo huja akiwa anafanya nini. Mkiingia kwa tabibu, mwacheni aseme kwanza yeye, kwa lugha anayoijua, hata kama sauti yake imekuwa ndogo na maneno yake yanachelewa. Msimkatishe, msimalizie sentensi zake, wala msimpunguzie maradhi yake kwa kumwonea haya. Mjukuu anayejua Kiingereza atafsiri yote aliyoyasema babu yake, si yale anayodhani yanatosha. Ubongo wa mwanadamu umefikiwa kwa uzi wa milimita moja na ushei, lakini bado hakuna chombo kinachoweza kumwambia tabibu jinsi mtu anavyojiona ndani ya mwili wake. Hilo Mwenyezi Mungu amelikabidhi kwa ulimi wa mtu mwenyewe, na amana hiyo ni juu yetu kuilinda.